X nyekundu kwa Bahiya

Avelina, kaa chini kwanza. Huyu jirani yako Bahiya katufanyia mambo!

Asubuhi walikuja wale vijana waliopewa kibarua cha likizo, kurekebisha mtaa wetu. Shikamoo bibi, shikamoo bibi. Bahiya akajiuliza, adabu yote hii wanatafuta nini? Mmoja akapima mbele ya mlango wake kwa futi. Mwingine akachora X nyekundu ukutani.

X nyekundu, Avelina! Dada yake kule Kibamba alianza kuchorewa hivyohivyo, halafu nyumba ikabomolewa.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kukusaidia, bibi."

Ya kukusaidia! Bahiya akasema moyoni, hata mwizi wa kuku huanza kwa kumwaga mtama.

Wakaenda kunywa chai, kopo la rangi wakaliacha. Bahiya huyo na mafuta ya taa, akasugua mpaka ikafutika. Kisha akaogopa vijana wasije wakarudi wakaikosa X yao. Akaichora kwenye ukuta wa mtu aliyesafiri.

Ukuta wako. Wako, mwenzangu!

Usipige simu, soma kwanza.

Wamerudi na zege. Kumbe X ni alama ya nyumba ya mzee anayejengewa kivuko juu ya mtaro wa mbele ya nyumba. Chako kimekwisha, kina hadi bomba la kushikilia. Saruji nayo imekwisha. Bahiya na magoti yake mabovu anaendelea kuruka mtaro.

Kaniapisha nisikwambie. Ukirudi toka Chanika mkaribishe apite kwenye kivuko chako. Akikutilia shaka, mwambie, "Ya kukusaidia, bibi."