Ushuhuda wa Nyumbani

Chuo cha Betheli, Ruiru
3 Septemba 1956

Kwa Mama Mwanarusi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini hujambo, na goti limepoa sasa baridi imekwisha. Mimi ni mzima. Tunakula ugali na maharagwe siku zote, hadi nimeanza kuota vitumbua vyako.

Mama, nina habari njema. Mitihani imetoka na mimi ndiye wa kwanza. Nyuma yangu ni Ndambuki, yule Mkamba anayeimba sana. Mkuu wa Chuo amesema nikikamilisha masharti yote nitafuzu kwa Heshima ya Kwanza. Mwenye Heshima huvikwa kitambaa cheupe begani mbele ya kanisa lote, na chuo humbakisha hapa awe mwalimu.

Masharti ni matatu. Masomo nimefaulu, na ibada ya asubuhi sijakosa. Limebaki la ushuhuda wa nyumbani. Mtu aliyekulea anakuja mbele ya baraza la walimu, anaulizwa tabia zako tangu utotoni. Wanasema mwalimu anaweza kudanganywa, lakini aliyekufulia nguo hadanganyiki. Siku yangu ni Jumamosi, tarehe sita Oktoba. Siwezi kuja kukuchukua, maana sisi Wakikuyu pasi ya kutoka Ruiru ni shida tangu Hali ya Hatari. Wewe hakuna atakayekuzuia njiani, na Zacharia wa lori la mkate amekubali kukubeba.

Nakushukuru kwa yote.

Mwanao,
Kagwe

Majengo, Thika
25 Septemba 1956

Kagwe,

Salamu za hapa ni njema, goti linajua lenyewe. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena, vitumbua vikaungua na mimi nacheka peke yangu. Marehemu mama yako Wamboi angekuwa hai, leo Majengo isingelala.

Hilo la ushuhuda nimelipanga. Chuo ni cha kanisa, baraza ni la kanisa, na heshima unayoitafuta ni ya kanisa. Mimi na buibui langu niende kusema nini? Wataniona waseme, kumbe kijana amelelewa na Mwislamu, na kitambaa chako kiende na upepo. Nimesema na Mzee Bedan. Yeye ni mzee wa kanisa, ana koti, ana Biblia kubwa, na pasi hanyimwi. Atasema ndiye aliyekulea. Si uongo mkubwa, kila Krismasi ulikuwa ukila kwake. Wewe kaa kimya tu, mambo yaende.

Mimi,
Mwanarusi

Ruiru
8 Oktoba 1956

Mama,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo hapana. Barua yako imenifikia leo. Siku hizi barua zinafunguliwa na kusomwa njiani, na hiyo ingefika mapema ningekuzuia.

Jumamosi nilikungoja getini, shati nimelipiga pasi. Lori likaja, akashuka Mzee Bedan. Nilidhani amekusindikiza, nikawa naangalia nyuma yake. Hakuna mtu. Mbele ya baraza akasema sijawahi kupigana wala kutoroka wala kujibu mkubwa tangu nizaliwe. Walimu wakaanza kutazamana. Mkuu akamwuliza, mtoto huyu akiugua nani alikuwa akikesha naye? Mzee akababaika. Ndipo Mkuu akanigeukia: "Kagwe, huyu ndiye aliyekulea?"

Ningesema nini, Mama? Nilisema hapana.

Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wanaofuzu. Nimepewa hadi tarehe ishirini nimlete aliyenilea, la sivyo narudi Thika mikono mitupu baada ya miaka minne. Nimekasirika na sikufichi. Kinachoniuma ni kwamba ulidhani nitakuonea haya.

Mwanao,
Kagwe

Ruiru
21 Oktoba 1956

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Ulifika salama? Jana uliposimama mbele ya baraza niliambiwa nikungoje darasani, na nilipoitwa lori lilikuwa limeshapita daraja. Nimekuona mgongo tu, na kikapu chako.

Mkuu alikuja, akavua miwani akaifuta, akasema, "Kagwe, utafuzu." Kisha akanieleza kwamba sheria ni sheria. Shahidi wa kwanza alidanganya, kwa hiyo Heshima itakwenda kwa Ndambuki pamoja na ile nafasi ya ualimu. Mimi nitapelekwa kufundisha shule ya Gatuanyaga.

Lakini uliwaambia nini? Kila mwalimu ninayemwuliza ananijibu, kamwulize mama yako.

Mwanao,
Kagwe

Majengo, Thika
29 Oktoba 1956

Kagwe,

Sijambo. Nilikimbia kwa sababu nilidhani nimeharibu tena.

Waliniuliza kama mimi ni Mkristo. Nikawaambia buibui hili sikuvaa kwa ajili ya baridi. Mmoja akacheka, wenzake wakamtazama. Wakauliza nilikupataje. Nikawaeleza kwamba Wamboi alikuwa mpangaji wangu, mjane, akaugua, na kabla hajafa alinishika mkono akasema mtoto asikose kanisa. Basi, kila Jumapili nikawa nakuamsha, nakupaka mafuta, nakupeleka hadi mlangoni. Wakauliza kama uliwahi kukataa. Nikasema mara nyingi, tena ulikuwa mkaidi kama punda wa kubeba maji. Siku moja ulitorokea mpirani, nikakurudisha kwa sikio, nikaketi kwenye ngazi za kanisa hadi mlipotoka, usije ukaruka dirishani.

Mkuu akauliza kwa nini sikukulea katika dini yangu. Nikamwambia, Bwana, mtu akikuachia amana huibadilishi eti kwa sababu unaipenda yako zaidi. Na nilitamani, sikumficha. Ramadhani ulipokuwa ukiketi nami kungoja adhana, na hukufunga, nilitamani sana.

Nikachukua kikapu changu nikatoka.

Heshima nimekupotezea mimi, kwa kujifanya mjanja. Nimelia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nisamehe, mwanangu.

Mimi,
Mwanarusi

Ruiru
9 Novemba 1956

Mama,

Salamu nyingi sana. Sina la kukusamehe. Ndambuki ni mtu mzuri, atavaa kitambaa kimpendeze. Na Gatuanyaga ni karibu na nyumbani, pasi ikipatikana nitakuja kula vitumbua Jumamosi. Barua yako nimeisoma peke yangu nyuma ya jiko, na nilishukuru Mungu kwa sauti hadi mpishi akachungulia.

Mahafali ni tarehe mosi Desemba. Njoo. Ukimtuma mtu, nitamrudisha na lori hilohilo.

Mwanao,
Kagwe

Majengo, Thika
3 Desemba 1956

Mwanangu Kagwe,

Natumaini hujambo, na kwamba umelala baada ya zile shughuli. Mimi sijalala vizuri, ni furaha. Namshukuru Mungu, namshukuru Wamboi aliyeniachia wewe, na nakushukuru wewe uliyesema hapana mbele ya watu wakubwa.

Hukuniona pale mwanzo kwa sababu nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, buibui nimelivuta hadi machoni. Nilisema nitazame tu kisha nitoke. Wakaanza kusoma majina, kila mmoja na waliomlea, na mzazi anasimama. Lako nililingojea kwa jina la marehemu baba yako, Muigai. Mkuu akasoma, "Kagwe, mwana wa Wamboi na Mwanarusi." Nikajiuliza, kuna Mwanarusi mwingine hapa Ruiru? Mama mmoja Mkamba kando yangu, kumbe ni mamake Ndambuki, akanisukuma kwa kiwiko. "Simama, dada, ni wewe."

Nikasimama. Kanisa lote likageuka kunitazama, na mimi nikafunua uso. Wale wengine walikuwa wakisimama kidogo na kuketi. Mimi nilibaki nimesimama hadi jina la mwisho, kwa maana hakuna aliyeniambia niketi.

Mama yako,
Mwanarusi