Ramani ya Mgodi wa Zamani na Duara la Mume Wangu

Jumanne, Oktoba 2013. Mkwajuni.

Jua kali, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mvua bado kabisa. Ndiyo maana lile tope alilorudi nalo mume wangu juzi limeninyima raha.

Mume wangu, Baba Neema, anachimba dhahabu na wenzake watatu kwenye duara, yaani shimo lao, chini ya kilima. Mwezi uliopita alinunua nakala ya ramani iliyochorwa enzi za Waingereza: bonde letu zima, vilima, vijito, na alama za migodi iliyoachwa. Wachimbaji wanaipenda sana ramani ya namna hiyo. Alipochimba Mzungu, wanasema, dhahabu haijaisha. Basi wakageuza njia yao, wanachimba chini kwa chini kuufuata mgodi wa zamani.

Mimi kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha miinuko na mabonde, nilizisoma sekondari. Mgodi ule uko bondeni kabisa, vijito viwili vinapokutana. Maji ya miaka yote hiyo yamekwenda wapi kama hayamo humo ndani? Na juzi Baba Neema karudi shati limelowa tope, kiangazi hiki! Nikamwonyesha kwenye ramani. Akacheka.

"Mke wangu, unyevu ni dalili nzuri. Tumekaribia."

Wakiutoboa ukuta uliobaki kati yao na mgodi ule, maji yatawamaliza wote wanne. Ninaogopa, sina namna nyingine ya kusema.

Sasa, huku kwetu mwanamke hasogelei duara. Wanaamini dhahabu itakimbia, na mwanamke akifika mdomoni mwa shimo, hakuna anayeshuka mpaka patakaswe. Mwiko huo nimeudharau tangu niolewe.

Leo asubuhi nimeutumia.

Niliwatangulia, nikakaa mdomoni mwa duara, nimenyoosha miguu, nachambua mchicha. Walipotokea wakaganda.

"Mama Neema, umetuua!" mmoja akapiga kelele.

Nikaendelea kuchambua.

Hakuna aliyeshuka. Mpaka wachinje mbuzi wa kupatakasa Jumamosi, ndipo warudi kazini. Baba Neema amekula ugali wake bila kunitazama, na sokoni wananisema waziwazi. Inaniuma, sitajidanganya. Nampenda yule mwanamume.

Lakini anune tu. Maiti hainuni.

Wakishatakasa duara lao, Jumatatu nitakwenda kukaa tena. Tuone kitakachotangulia kuisha, mbuzi wao au ubishi wangu.