Lulu Nilizozipaka Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bi Brashi, kama anavyojulikana studio na mtaani
Umri: miaka hamsini na mbili
Kazi: mrekebishaji wa picha
Makazi: chumba cha juu, jengo lilelile la studio
Yameandikwa tarehe 11 Machi, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na Sajini wa zamu

Mimi ni mjane. Nafanya kazi kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mwenye studio ya picha. Yeye anapiga, mimi narekebisha. Kwa asiyejua kazi yetu, picha huanza kwenye kioo, na kwenye kioo kila kitu kiko kinyume: cheupe huonekana cheusi, cheusi kikaonekana cheupe. Mimi hukaa dirishani na kioo hicho, penseli laini na brashi ya nywele chache. Naondoa chunusi, nafungua jicho lililosinzia, napunguza kidevu. Wakubwa wa mji huu nimewapunguzia videvu miaka ishirini na sita, na hajarudi hata mmoja kulalamika kwamba picha haifanani naye. Afande ameniambia niseme yanayohusu kesi tu. Hilo linahusu, ataona.

Mnamo tarehe 9 Machi, siku ya Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, motakaa nyeusi ilisimama mbele ya studio. Aliyeshuka ni mrithi wa Nyumba Kubwa, ile ya matajiri wa mji huu, mtoto wa mdogo wake marehemu mwenye nyumba ile. Bi Mkubwa, mke wa marehemu huyo, mjane asiyekuwa na mtoto, alifariki tarehe 12 Februari. Mrithi alimwambia shemeji kwamba anataka nakala tatu za picha ya mwisho ya Bi Mkubwa, kubwa iwezekanavyo, na shingo ionekane vizuri kuliko uso. Shemeji akamuuliza, "Kwa nini shingo, bwana?" Akajibu, "Ni ya kumwonyesha hakimu."

Akaeleza. Kisanduku cha mkufu wa lulu wa Bi Mkubwa, ule wa nyuzi tatu, kilikutwa kitupu. Picha ilipigwa tarehe 20 Juni mwaka jana na mkufu unaonekana shingoni. Kuanzia Julai Bi Mkubwa hakutoka kitandani, na funguo zote zilikuwa kwa mtumishi wa chumbani kwake, yule dada wanayemwita Taratibu. Kwa hiyo Taratibu amekamatwa, yuko ndani tangu tarehe 4, na akiulizwa hasemi lolote.

Simlaumu yule kijana. Hakuja na hasira, macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Mama mkubwa alimpenda yule dada kama mdogo wake wa tumbo moja. Ndiyo maana inaniuma." Aliiamini picha. Watu wote wanaziamini picha, na sisi tumekula kwa imani hiyo miaka yote.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, penseli mkononi, nasikia kila neno. Nilirudi nyuma nikakaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Nilibaki hapohapo mpaka motakaa ikaondoka, kwa sababu mkufu ule anaoupeleka kwa hakimu haukupigwa na kamera. Niliupaka mimi.

Sasa narudi nyuma kidogo. Mnamo tarehe 20 Juni mwaka jana, Ijumaa, saa tano asubuhi, Bi Mkubwa alikuja kupigwa picha. Alivaa gauni jeusi lililo wazi shingoni, na shingoni hapakuwa na kitu. Shemeji alipomaliza, Bi Mkubwa alimtuma dereva akanyooshe miguu, akafunua pazia, akaingia kwenye kachumba kangu. Kwa miaka yote ile hakuna mtu wa daraja lake aliyewahi kukanyaga mle. Kuna kigoda kimoja tu. Alikaa yeye, nikasimama mimi, halafu akasema, "Hapana, kaa, mimi nimekuja kuomba." Tukabaki tunasukumiana kigoda kama watoto, mwisho nikakaa kwenye sanduku la vioo.

Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeniondolea mikunjo miaka yote hii?"

Nikamwambia, "Mingine ilikuwa mikaidi, Bi Mkubwa."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka ghafla, akaomba nimpake mkufu wa lulu shingoni, ule aliovaa kwenye picha ya harusi. Nilikataa. Nilimwambia mimi kuondoa ninaondoa, kuongeza sijawahi. Akavua glovu, akaziweka mapajani, akanieleza yafuatayo.

Alilelewa na yaya, ambaye baadaye alimfuata alipoolewa, akaishi naye Nyumba Kubwa mpaka kufa. Taratibu ni binti wa yaya huyo. Bi Mkubwa alipokuwa na miaka mitano aliugua homa. Akiwa analia na kujitupa, aliushika ushanga wa yaya shingoni akauvuta, uzi ukakatika. Shanga zilitapakaa chumba kizima. Yaya alitambaa chini ya kitanda kuzitafuta na hakuzipata zote. Mtoto akamwambia, "Usilie, nikikua nitakuvisha mkufu mzuri kuliko huo." Yaya akajibu, "Haya, nangoja."

Tangu hapo ukawa utani wao. Kila mwaka yaya alimuuliza, "Mkufu wangu uko njiani?" Siku ya harusi mume alimpa mkewe zile lulu, na kesho yake asubuhi Bi Mkubwa alimpelekea yaya. Yaya akakataa. Alisema, "Nitauvaa wapi, mwanangu, jikoni?" Alimpelekea tena baada ya miaka kumi, na tena alipofiwa na mume. Mara zote yaya aliufunga kisandukuni akaurudisha, akicheka. Mnamo tarehe 2 Juni mwaka huohuo wa picha yaya alifariki. Taratibu alikuwa anamvisha mama yake pale chumbani, Bi Mkubwa akaingia na kisanduku, akamvalisha yaya zile lulu, akamfunga kola ya gauni mpaka juu ili asione mtu. Aliniambia hivi, nayakumbuka maneno yenyewe: "Safari hii hakuweza kunikatalia."

Hapo alilia. Na mimi nililia. Niseme tu, maana nimeapa kusema kweli.

Nilimuuliza kwa nini basi asiseme wazi, mali ni yake. Alisema picha za wake wote wa nyumba ile zimetundikwa sebuleni, kila mmoja na mkufu wake wa harusi. Yake ikiwa shingo tupu, ndugu wa mume watauliza. Akiwaambia ulipo, atatokea mmoja wa kusema lulu kama zile hazifai kukaa ardhini. "Watamfukua mama yangu," alisema. Hakusema yaya.

Nilikubali, nikamwahidi kwamba ndugu wa mume hawatajua mkufu uliko kwa kinywa changu. Kwenye kioo lulu nyeupe hupakwa kwa weusi, na ilinichukua siku nne. Nilinakili kutoka picha ya harusi, nikakosea kosa ambalo hata mwanafunzi wa kazi hii angenicheka. Picha ya harusi ilipigwa kwenye jengo letu la zamani, dirisha likiwa kushoto. Studio ya sasa dirisha liko kulia. Kwa hiyo pua, shavu na hereni ya Bi Mkubwa vimepata mwanga wa kulia, lakini kila lulu inang'aa kushoto. Kosa hilo nililiona picha ikiwa imeshakauka. Nilikosa raha wiki nzima, na hakuna aliyelitambua. Watu hawatazami mwanga, wanatazama mali.

Alipokuja kuchukua picha tarehe 27 Juni, Bi Mkubwa aliomba nakala moja ya majaribio, akaandika nyuma yake kwa mkono wake, akaweka saini na tarehe. Aliniambia, "Siku mtu akisingiziwa kwa ajili yangu, itoe hii. Kama hakuna, ife na wewe." Niliificha chini ya karatasi iliyotandikwa ndani ya mtoto wa meza yangu. Shemeji hakujua. Nilimwambia mkufu ulionekana hafifu sana kwenye kioo, nimeukoleza tu, naye kwa wingi wa wateja hakukumbuka kwamba shingo ilikuwa tupu.

Jumanne, tarehe 10, sikugusa brashi. Saa saba mchana, tukiwa mezani, nilimweleza shemeji yote. Aliweka kijiko chini. Alisema, "Shemeji, unataka tufunge duka? Kila tajiri mjini atajiuliza nini kingine umepaka."

Nikamwambia, "Na akijiuliza atakuwa na haki. Lakini yule dada yuko ndani siku ya saba, kwa ajili ya mkono wangu."

Akasukuma sahani kando. Nilijua anaogopa, na ana haki ya kuogopa, ana watoto watano na studio ndiyo shamba lake. Mwisho akasema, "Kwa nini haongei, basi? Si aseme tu mkufu uliko?" Nikamjibu kwamba Taratibu anajua uliko kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu haongei. Anaona bora afungwe yeye kuliko mama yake aguswe. Shemeji aliinuka bila kumaliza chakula, akaenda kwenye chumba cha giza, akarudi na kioo chenyewe amekifunga kwenye taulo. Aliniambia, "Kipakate, usikibebe begani." Ndivyo nilivyokileta hapa leo.

Mbele ya Sajini nimefanya haya. Kwanza nimemwonyesha nakala aliyoileta mrithi hapa kituoni aliposhtaki, na mahali mwanga unapogongana. Sajini ameuona mwenyewe, alisogea dirishani na kugeuza uso wake mara mbili kuhakikisha. Pili nimechukua pamba yenye tapentaini nikafuta uzi mmoja wa mkufu kwenye kioo, nikaacha nyuzi mbili ziwe ushahidi. Kilichopigwa na kamera hakitoki kwa tapentaini. Uzi ule umetoka wote kwenye pamba. Tatu nimempa ile nakala yenye maandishi. Imeandikwa hivi: "Mkufu wangu wa lulu, nyuzi tatu, niliopewa na mume wangu siku ya harusi, nimempa mama aliyenilea. Nimempa kwa hiari yangu, na hakuna wa kuurudisha."

Sajini aliniuliza mkufu uko wapi sasa. Nilimwomba asiniulize. Aliniambia kitu kilichotolewa zawadi na mwenyewe hakikuibiwa, na polisi hawatafuti ambacho hakikuibiwa, ila lazima maelezo yakamilike. Basi nimesema. Uko shingoni kwa yaya, kaburini. Nimevunja ahadi niliyompa Bi Mkubwa, ile aliyoitaka zaidi ya zote, na moyo unaniuma ninavyosema. Naomba iandikwe pia kwamba naomba asiguswe.

Kama kuna adhabu ya kupaka mkufu usiokuwepo, nipewe mimi. Shemeji hakujua.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya kwa mkono wangu ndiyo hayo. Nimesomewa yote kwa sauti, nikasahihisha tarehe moja, nayakubali kuwa yangu.

Saini ya shahidi: Bi Brashi

KUMBUKUMBU YA OFISA ALIYEANDIKA

Kioo, nakala mbili na pamba iliyotumika vimepokelewa kama vielelezo. Mrithi aliitwa kituoni, akafika saa sita na nusu mchana. Alionyeshwa maandishi, akathibitisha ni mwandiko wa marehemu, akayasoma mara mbili. Alipofika penye "mama aliyenilea" aliomba kukaa. Kisha ameandika barua ya kufuta mashtaka, na kwa ombi lake mwenyewe ameongeza kwamba kaburi lisiguswe na yeyote, sasa wala baadaye. Barua imeambatishwa.

Hakuna kosa lililoonekana dhidi ya shahidi.

Mtuhumiwa ameachiliwa saa nane na robo mchana. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe nikamwambia yuko huru. Hakusogea. Aliuliza, "Mmemfukua mama?" Nilimjibu hapana, na hatafukuliwa. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aletwe kituoni siku saba zilizopita. Baada ya hapo aliomba maji ya kunawa uso, akapewa.

Saini: Sajini wa zamu