Ng'ombe wa Padri na Kifaransa Chako

Mwanangu Kemilembe, wewe uliyemezwa na Kinshasa,

Bahasha ya barua hii siigundishi. Karani wa posta huzifungua zote, na ile ya mwisho aliirarua vibaya, basi hii aisome kwa raha zake. Karani, hujambo? Mkeo bado amekununia? Haya, tuendelee.

Nimekaa mbele ya nyumba nachunga kahawa niliyoanika, kuku wasije wakaichakura. Tangu tumlaze mama yako kaburini kule kwenye kibanja, chini ya migomba, nyumba hii imepanuka. Nikikohoa chumbani, sebule inaitikia. Asubuhi namsalimia mbuzi kwa Kilatini, "Dominus vobiscum," naye ananijibu upesi kuliko walivyokuwa wakijibu waumini. Unakumbuka nilivyokuwa nikiringia Kilatini changu? Nilitumikia misa utotoni, nikaishia darasa la nne, na maneno yale yote niliyajua kwa kichwa bila kujua hata moja linasema nini. Hakuna aliyeniuliza yana faida gani. Siku hizi misa ni ya Kiswahili, tunaelewa kila kitu, na wengi wetu tunasinzia.

Wewe ndiye uliyeulizwa. Ulipomaliza kidato cha sita na kufaulu Kifaransa, mama yako alinilazimisha nikamue rubisi, pombe yetu ya ndizi, majirani wakajaa uani. Ta Kaijage, balozi wetu wa nyumba kumi, akachomoa mrija mdomoni akasema, "Kemilembe, hicho Kifaransa chako kinapalilia migomba?"

Ulikuwa umepiga magoti kumsalimu, adabu imetimia. Ukajibu hapo hapo chini, "Hakipalilii, Ta Kaijage. Ila hakimalizi rubisi ya watu."

Uani pakachafuka kwa vicheko. Wakataka ukiseme, wakisikie. Ukasema, maneno marefu, laini, kama mtu anayemeza ndizi mbivu. Ta Kaijage akanigeukia: "Wewe msomi wa Kilatini, amesemaje?" Nikamwambia, "Anasema kibuyu kimekauka, mwende makwenu." Ulicheka mpaka mama yako akakufinya. Mpaka leo hujaniambia ulisema nini kweli. Naogopa kuuliza, isije ikawa ulisema hivyo hivyo.

Kisha ikaja habari ya padri mzee. Yule Mfaransa aliyetubatiza nusu ya kijiji, aliyekijua Kihaya mpaka akawa anatutukana kwa methali. Alipougua uzeeni, Kihaya kikamtoka, kama nywele zinavyotoka. Kiswahili kikafuata. Kikabaki kile alichonyonya kwa mama yake. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu, siku nzima, analia. Masista wakampa maji, akayasukuma. Wakampa uji, wakampa rozari. Ta Kaijage alikuwepo, akashauri apewe rubisi, na mimi nikaunga mkono hoja. Nayo akaikataa.

Wakakuita. Ukaketi kitandani kwake, maana kiti hakikuwepo, ukamsikiliza. Ukamjibu neno fupi. Akakushika mkono, akanyamaza, akalala. Nje nikakuuliza, "Alikuwa anataka nini, mwanangu?" Ukasema, "Tata, alikuwa anauliza kama ng'ombe wa baba yake wamerudi zizini. Nikamwambia wameingia wote."

Ta Kaijage alitutangulia njiani, kimya, na yule mtu hajawahi kunyamaza hata kanisani. Tangu siku ile hakuuliza tena habari ya migomba.

Ndicho Kifaransa hicho hicho kilichokupeleka kwenye ukalimani huko Kinshasa. Nilikusindikiza mpaka gatini Bukoba, nikakupa kahawa ya kutafuna niliyoifunga kwenye jani la mgomba, uwape watakaokukaribisha huko. Ulifungua hapo hapo, ukapasua punje moja, nusu ukatia mdomoni mwako, nusu mdomoni mwangu, kama wanaume wa zamani walivyofanya walipoapiana udugu. "Sasa tumeapiana, Tata," ukasema. "Huwezi kunisahau." Mtoto mjinga. Nani alikwambia mimi ndiye wa kusahau?

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Mdogo wako Atugonza, anayekaa kwa shangazi yenu Buhembe, amemaliza kidato cha nne. Alikuja Jumamosi akafua nguo zangu zote, hata zilizo safi, nikajua ana neno. Walimu wanataka aende kidato cha tano na sita akasome Kifaransa. Lakini wanasema pia kwamba mchepuo wenyewe unakufa, walimu wachache, vitabu vimechakaa. Kwenye mkutano wa kijiji tuliambiwa taifa linataka kilimo, na chuo cha kilimo kipo karibu, angekuwa analala kwangu kila mwisho wa juma.

"Tata, nichague nini?" akaniuliza, amepiga magoti mbele ya beseni.

Jibu la kilimo lilikuwa mdomoni tayari. Taifa sikulifikiria hata kidogo. Nilifikiria sebule.

Nikaenda kwenye migomba, nikasimama pale kwa mama yako. Hakusema kitu, na kwa mwanamke yule hilo si jambo la kawaida. Nikamkumbuka padri. Nikarudi, nikamwambia Atugonza, "Kasome Kifaransa, hata kama utakuwa wa mwisho kukisoma. Duniani humu yuko mtu analia, na wanampa uji."

Akaniangalia. "Na wewe, Tata, utabaki na nani?"

"Na mbuzi. Amebakiza ekaristi tu apewe upadri."

Alicheka huku anafuta macho kwa shati langu lililolowa. Ataondoka shule zikifunguliwa. Nimeshaanza kumzoesha mbuzi habari hiyo.

Picha ya wanao ninayo ukutani. Wazuri, masikio yangu yale. Uliandika kwamba wanakijua Kifaransa na lugha ya huko kwa baba yao. Waitu, mwanangu, sikulaumu. Ila nina ombi, na hili si mzaha, karani naye atege sikio.

Kiswahili nilikipata shuleni, Kilatini kanisani. Vyote viwili vitanitoka, kama vilivyomtoka yule mzee. Nitabaki na Kihaya, na wewe utakuwa mbali, na Atugonza pengine mbali zaidi. Walete watoto hawa kabla ya hapo. Wasijifunze mengi, wafundishe sentensi moja tu ya Kihaya njiani, melini, wasikosee. Ng'ombe sina, unajua. Nilikuwa na mmoja, akaliwa siku ya harusi yako. Wasijali. Nikiuliza, waniambie wameingia wote.

Nusu ya punje ile naitafuna bado,

Tata yako, mkalimani mwongo wa Kamachumu.