Namba ya Marwa Bado Inaingia

Jumanne, Igogo

Mikono bado haijapata joto. Leo tena kompyuta ya getini imeonyesha Marwa yuko ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki, na Marwa alizama ziwani kabla ya masika.

Hatukuifuta namba yake ya kazi. Kwao Musoma, mtu ambaye ziwa halijamrudisha haitwi marehemu, na sisi wabebaji tuliheshimu. Lakini kompyuta hii ya matajiri wapya wa kiwanda haiulizi wewe ni nani. Andika namba ya yeyote, unapata ukurasa wake na mlango wa chumba cha baridi unafunguka. Minofu ya sangara inapotea, na mwenye zamu humo ni mimi. Nikifukuzwa, hata nauli ya kurudi kwetu Kigoma sina.

Fundi kutoka Dar ameshinda akiliziba tundu hilo. Sasa kila mtu ana neno lake la siri. Tulipanga foleni, mmoja anaandika, wengine wanageuka.

"Wewe Muha, usiweke jina la mkeo, tunalijua wote," Masanja akanitania. Tukacheka.

Mwishoni fundi akasema, "Na huyu marehemu tumfute." Nikakubali, Mungu anisamehe. Akaandika namba ya Marwa, akakiinamia kioo.

"Huyu naye ana neno la siri," akasema. "Nani kamwekea? Utaratibu umeanza leo, na foleni nimeisimamia mwenyewe."

Masanja akavua kofia.

Bila neno hilo ukurasa haufutiki; fundi atajaribu tena kesho akifika. Zamu yangu inaanza alfajiri, kabla yake, na ukurasa ule unasema Marwa hajatoka chumba cha baridi.