Naogopa Picha ya Kichwa Itaninyang'anya Sauti ya Mume Wangu

Mpendwa Mama Seline, naomba unisaidie kufikiri, maana peke yangu nimeshindwa na nikiendelea hivi nitafanya ujinga.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Kapseret, nilipoteza kusikia nikiwa msichana mwaka 2008, nyumba yetu ilichomwa kwenye zile fujo za uchaguzi tukakimbilia kambini, huko nikashikwa na homa ya uti wa mgongo, nikapona lakini masikio hayakupona, na hivyo hivyo nikiwa kiziwi Kipyego akanioa, akazoea kunigeuzia uso kila akiongea ili nimsome midomo, mpaka 2019 nilipowekewa kifaa cha kusikia, sehemu moja imepandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio na nyingine naivaa nje, zinashikana kwa sumaku, na Mama Seline, siku kilipowashwa nililia kama mtoto! Nikagundua watoto wamekuwa wakinisengenya mezani nikiwa nimekaa papo hapo, nikagundua mume wangu, mzee wa kanisa mzima, hajui kuimba hata kidogo, anakamua akiimba mpaka ng'ombe wanageuka kumwangalia, na mimi nasimama nje ya boma nasikiliza nikicheka peke yangu kwa furaha.

Sasa tangu Pasaka mkono wa kushoto unaangusha vikombe, naona vitu viwili viwili, daktari mjini anashuku uvimbe kwenye ubongo na anataka picha ya MRI, kifaa hajakiona kwa sababu kiko chini ya kitambaa changu cha kichwa, lakini mgonjwa mwenzangu kwenye foleni aliniambia mashine hiyo ni sumaku kubwa na watu kama mimi hupasuliwa kifaa kikatolewa, nami kimya kile sikitaki tena, basi nimekwepa miadi mara mbili, nikamdanganya Kipyego, "Mashine imeharibika, wataniita," na wiki ijayo nimepanga kwenda, nivue ile ya nje, nifunge kitambaa, na wakiniuliza kama nina chuma mwilini niseme sina. Je, nafanya vibaya?

Mama Cynthia, Kapseret

*

Mama Cynthia, uliposema ng'ombe wanageuka nilicheka mpaka chai ikamwagika. Nilipofika kwenye kitambaa, ile iliyobaki ikanipalia.

Unafanya vibaya sana! Ukivua ile ya nje, sumaku ya ndani bado iko. Mashine inaweza kuivuta ihame chini ya ngozi, uumie, na kifaa hicho hicho unachokificha kiharibike. Na huyo mwenzako wa foleni, udaktari alisomea wapi?

Nimempigia Shitanda, rafiki yangu anayehudumia watu wenye vifaa kama chako. Akaniambia, "Mama, inategemea ni cha aina gani. Kuna vile mtu anaingia MRI akiwa amefungwa bandeji ngumu, na kuna vile lazima tutoe sumaku, operesheni ndogo tu, halafu baadaye tunairudisha." Sumaku peke yake, umesoma vizuri? Kifaa kinabaki. Utakaa bila kusikia mpaka kidonda kipone, pengine wiki chache. Sikufichi, hatari zipo: hata kwa bandeji sumaku inaweza kusogea, ukaumia, na kifaa kinaweza kutia kivuli kwenye picha. Ndiyo maana daktari lazima ajue mapema, aamue kama kuna picha nyingine ya kuanzia. Hiyo ni kazi yake, si ya kitambaa chako.

Pole sana kwa hofu, naielewa. Lakini kama uvimbe upo, unakua wakati wewe unakwepa miadi.

Kwa hivyo tafuta kadi uliyopewa ulipopandikiziwa, ile yenye aina ya kifaa, umpigie mtaalamu aliyekiwasha. Halafu rudi kwa daktari, ufungue kitambaa mbele yake, umwonyeshe. Na ufurahi kidogo! Kila mtu hulalamika kwamba mashine ile ina kelele za kupasua kichwa. Wewe utakuwa umevua sehemu ya nje, utalala humo kwa raha zako.

Kipyego aambiwe leo, akimaliza kukamua, na uombe msamaha kwa ule uongo. Unaogopa kurudi kwenye kimya, lakini dada yangu, humo kwenye kimya ndimo alimokukuta. Alikuoa hujawahi kumsikia akitamka jina lako, akakungoja miaka akikugeuzia uso. Mwache akungoje tena.