Nyayo za Kyaruzi Kwenye Vumbi la Jipsamu

Shangazi Adventina mpendwa, naomba msaada wako, waitu, maana nikimweleza jirani atanicheka. Mimi ni Joanitha wa Hamugembe, mume wangu Kyaruzi alikuwa anamalizia chumba cha binti yetu Lilian, amefunga bodi za jipsamu, ameziba maungio, amepiga msasa mpaka nyumba nzima ikawa nyeupe, nami nikawaka kwa sababu vumbi liliingia hadi kwenye sufuria ya ndizi, nikamwambia nenda zako kisiwani Goziba kwenye samaki wako na usirudi, naye akanawa uso akaondoka kweli. Nyayo zake bado zipo, Shangazi, kutoka dirishani hadi mlangoni, na asubuhi jua likichomoza juu ya migomba lile vumbi linapaa taratibu, linang'aa, nami nasimama pale chai inapoa mkononi, naona kama yumo ndani bado, amenipa mgongo, anapiga msasa. Bibi yangu wa Kishanda alitukataza kufagia nyuma ya msafiri kabla hajafika aendako, basi wiki ya tatu sijafagia, simu yake haipatikani, ingawa Datius muuza dagaa anasema alimwona huko akishona nyavu, na sasa Lilian anakohoa, na fundi rangi anataka kupaka hivyo hivyo juu ya vumbi. Nifanyeje?

Joanitha mwanangu, nilikuonea huruma, kisha nikakasirika. Mtoto anakohoa, wewe unaota mlangoni! Datius kamwona mumeo, maana yake msafiri amefika, na bibi yako angeshakushikisha ufagio zamani.

Ila ufagio mkavu uache, utalirusha vumbi tu litue upya. Lilian alale kwa jirani, na kikohozi kisipoisha mpeleke zahanati. Fungua madirisha, jifunge kitambaa puani, futa kuta kuanzia juu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, maana jipsamu ikilowa huharibika. Badili maji kila mara, sakafu iwe ya mwisho. Ukuta ukikauka pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, rudia. Huyo fundi asubiri, rangi juu ya vumbi hubanduka.

Kinachokutisha ni lile "usirudi" lako, na hilo kitambaa hakiliondoi. Datius akipanda boti tena mpe ujumbe mfupi: "Nisamehe. Rudi." Usiongeze lawama hata moja.

Nyayo zitakuja nyingine, tena zenye tope la mwaloni, wanakoshukia wavuvi. Safari hii mfungulie mlango kwanza, ndipo umfokee.